Je, Asteria ni Jina la Shirki?



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Aliyemfundisha baba yetu Adam (AS) majina ya vitu vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inazungumzia jina moja tu la mtoto wa kike, nalo ni Asteria. Ni jina adimu katika nyumba za Waislamu, na huenda wengi wenu hamjalisikia kabisa. Lakini mzozo lililouzusha si adimu, hasa kwetu huku Nyakanazi.

Mji wetu ni wa njia panda. Barabara itokayo Kahama ikifika hapa hugawanyika: mkono mmoja huenda Lusahunga na kuendelea hadi Rusumo na Kabanga, mipakani mwa Rwanda na Burundi, mkono mwingine hushika Kakonko na Kibondo hadi Kigoma. Msubi, Mhangaza, Muha, Msukuma na Mhaya hukutana sokoni na katika vituo vya malori, na watu wakikutana huoana. Ndiyo maana hapa ni jambo la kawaida mtoto wa Kiislamu kuwa na babu na bibi walio Wakristo.

Katika ndoa moja ya namna hiyo, Allah alijaalia mtoto wa kike. Mama wa mtoto alikuwa amesilimu kabla ya nikaha. Bibi mzaa mama ni Mkatoliki wa upande wa Ngara, na jina lake la ubatizo ni Asteria. Ujauzito ulikuwa mgumu, na bibi huyo alihamia kwa mwanawe akamuuguza kwa miezi. Mzazi akaweka ahadi kwamba akijifungua salama binti, atamwita kwa jina la bibi yake. Siku mbili kabla ya akika, kijana mmoja wa ukoo wa baba alilitafuta jina hilo katika simu yake, akasoma kwa sauti mbele ya wageni kwamba ni jina la mungu wa kike wa Wagiriki. Baba mdogo wa mtoto akasema papo hapo kwamba hilo ni jina la shirki na halitaingia katika nyumba yao. Bibi alikuwa jikoni, akasikia kila neno. Hakujibu. Kulipopambazuka aliaga, akarejea kwake kabla mbuzi hajachinjwa.

Suala hilo lililetwa kwa kamati ya msikiti. Kwa ridhaa ya wazazi, na bila ya kumtaja mtu, nimeona tulizungumze hapa, kwani kijana yule alisoma kweli, ila alisoma nusu yake tu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kigiriki cha kale, *aster* ni nyota, na Asteria ni "mwenye nyota" au "wa nyota". Shina hilo ndilo lililozaa neno astronomia, ambalo sisi tunaliita elimu ya falaki, na ndilo lililozaa asteriski, ile alama ndogo ya nyota anayoiweka mchapaji pembeni mwa neno. Kilatini kina *stella* kwa maana hiyo hiyo, na kutoka hapo tumepata akina Stella, ambao ni wengi nchini. Waajemi na Waislamu wa Bara Hindi husema *sitara*, nayo ni ndugu ya neno la Kigiriki, na wapo mabinti wa Kiislamu wa huko waitwao hivyo. (Msomaji asichanganye na sitara yetu ya Kiswahili yenye maana ya stara na kifuniko, ambayo imetoka katika Kiarabu na haina uhusiano wowote na nyota.) Kwa maana ya neno, basi, Asteria hana tofauti na Najma wa Kiarabu wala na Nyota wa Kiswahili, na majirani zetu wa Burundi na Rwanda wangesema *inyenyeri*.

Sasa ngano. Mshairi wa Kigiriki aitwaye Hesiod, aliyeishi takriban miaka 700 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS), alitunga utenzi juu ya nasaba za miungu ya watu wake. Humo Asteria ametajwa kuwa binti wa Coeus na Phoebe, dada yake ni Leto, mumewe ni Perses na mtoto wao ni Hecate. Waandishi wa baadaye wakaongeza kisa. Walisema Zeus, mkubwa wa miungu yao, alimtamani Asteria akamfukuza, naye kwa kuchelea heshima yake akajigeuza ndege mdogo wa jamii ya kware, akajitupa baharini. Pale alipoangukia pakawa kisiwa. Dada yake Leto alipokosa nchi ya kujifungulia, kisiwa hicho ndicho kilichompokea, akamzaa Apollo hapo. Kisiwa chenyewe kipo hadi leo katika bahari ya Ugiriki. Kinaitwa Delos, kimejaa magofu ya mahekalu, na tangu mwaka 1990 kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Muumini anapoisoma ngano hii hapati tabu ya kuijibu. Mungu anayefukuzana na wanawake hadi wakajitupa baharini si mungu. Na Allah ametakasika na yote wanayomsifu nayo. Hata hivyo nakiri kwamba katika kisa kizima mwenye haya ni huyo binti peke yake.

Swali la maana zaidi ni hili: jina hili lilifikaje Ngara? Halikuletwa na Zeus. Mapadri Weupe waliweka kituo chao Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na kutoka huko na kwingineko Ukatoliki ukaenea katika nchi hizi. Mtoto au mtu mzima aliyebatizwa alipewa jina la mmoja wa watakatifu wao, na wengi wa watakatifu wa karne za mwanzo walikuwa na majina ya Kigiriki. Ndiyo sababu Kagera imejaa akina Theopista na Anastazia. Asteria naye yumo katika kalenda hiyo: ni mwanamke wa Bergamo, Italia, anayesemekana kuuawa katika mateso ya Warumi mwanzoni mwa karne ya nne, na wanamkumbuka tarehe 10 Agosti. Bibi yetu alipopewa jina hilo utotoni, padri hakumtajia Zeus wala kisiwa. Jina lilikuwa limekwisha kupita katika mikono mingi na kusahau lilikotoka.

Wala Asteria si wa kwanza. Denis, au Dionizi kama wanavyotamka wazee wa hapa, chanzo chake ni Dionysos, mungu wa mvinyo wa Wagiriki. Apolinari ni wa Apollo. Isidori maana yake ni zawadi ya Isis, ambaye ni mungu wa kike wa Misri ya kale. Kila mmoja wetu ana jirani mwenye moja ya majina haya, na sijapata kusikia kwamba mzee Dionizi yeyote amelisujudia pipa la mvinyo.

Kabla ya kuwacheka majirani, tutazame nyumbani kwetu. Katika orodha ya Hesiod ya mabinti wa bahari yumo mmoja aitwaye Asia. Je, tuwafute akina Asia wote katika madrasa zetu? La hasha. Asia wetu ni Asiya mke wa Firauni, mwanamke aliyeamini ndani ya kasri la kafiri na Allah akamfanya mfano kwa walioamini katika Suratut-Tahrim. Sauti zimegongana, asili ni mbali na mbali. Kijana mwenye simu angeweza kulitafuta jina hilo pia na kututia katika fitina nyingine.

Na Zuhura je? Hapa hakuna mgongano wa sauti, jambo ni lile lile hasa. Zuhura ni ile sayari ing'arayo alfajiri na jioni. Wagiriki waliinasibisha na Aphrodite, mungu wao wa mapenzi, na wapo wanaohusisha ibada ya al-Uzza, sanamu la Makureshi, na sayari hiyo hiyo. Juu ya hayo kuna ngano ya Israiliyati inayodai kwamba Zuhura alikuwa mwanamke aliyewapotosha Haruti na Maruti kisha akageuzwa nyota, ngano ambayo Ibn Kathir na wahakiki wengine wameikataa. Pamoja na yote hayo, Waislamu wa pwani na bara wamewaita binti zao Zuhura vizazi kwa vizazi, mbele ya masheikh, na akika zikasomwa. Vivyo hivyo Shamsa ni jua na Kamaria ni mwezi, ilhali Qur'an inatusimulia kwamba watu wa Malkia wa Sabaa walilisujudia jua, na inatukataza kulisujudia jua na mwezi. Kilichokatazwa ni kusujudu. Jua halikuharamishwa kuwa jua, wala nyota haikuvuliwa uzuri wake kwa sababu ya wajinga walioiabudu. Nabii Ibrahim (AS) aliwahoji watu wake juu ya nyota iliyozama, akawaonyesha kwamba kinachozama hakifai kuabudiwa, hakuwaambia wasiitazame.

Nitaongeza jambo dogo ambalo makatibu wenzangu watalitambua. Mihtasari ya vikao vyetu tunaiandika Januari, Machi na Juni. Janus, Mars na Juno ni miungu ya Warumi. Hakuna kikao kilichovunjika kwa hilo.

Mafundisho ya Mtume (SAW) katika suala la majina yako wazi kwa mwenye kuyakusanya. Alihimiza majina mema na akasema kwamba yapendezayo zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdurrahman. Alibadilisha majina, lakini hakuyabadilisha yote. Aliyabadilisha yenye sababu. Binti wa Umar (RA) aliyeitwa Aasiya, kwa herufi za ayn na swad, maana yake "muasi", alimwita Jamila. (Hili ni neno jingine kabisa na lile la mke wa Firauni, ingawa katika Kiswahili yote mawili yanaweza kuangukia Asia. Mzazi asiishie kwenye sauti.) Barra, yaani "mwema sana", alilibadilisha kuwa Zainab, kwa sababu lina kujisifu. Waliojiita waja wa sanamu au wa jua aliwatoa katika utumwa huo wa jina. Na Hazn, babu wa Said bin al-Musayyab, alipoambiwa aitwe Sahl, yaani wepesi badala ya ugumu, akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Hakulazimishwa. Said alikuja kusema kwamba ugumu ule ulibaki katika ukoo wao.

Angalieni pia wale ambao hawakubadilishwa. Umar, Khalid, Khadija na Bilal, wote waliingia katika Uislamu na majina waliyopewa katika zama za ujahiliya. Bi Maria, Mkibti kutoka Misri na mama wa Ibrahim mwana wa Mtume (SAW), alibaki Maria. Kwa hiyo anayemwambia mtu aliyesilimu leo kwamba shahada yake haitimii mpaka aache jina lake, ameongeza sharti ambalo Mtume (SAW) hakuliweka. Kinachotazamwa ni maana: ikiwa ni mbaya, au ina kujitukuza, au inamfanya mtu mja wa asiyekuwa Allah, hapo hubadilishwa.

Wanazuoni wetu wa kale hawakuogopa maneno ya Kigiriki. As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika kitabu juu ya maneno ya Qur'an yanayosemekana kuwa na asili isiyo ya Kiarabu, na humo yamo yaliyosemwa kuwa ya Kirumi, yaani Kigiriki cha Byzantium; Firdaus ni mojawapo. Tuna Firdaus wangapi katika madrasa zetu? Abdurrahman as-Sufi, mnajimu wa Isfahan, aliandika kitabu chake cha sura za nyota katika karne ya kumi kwa kufuata msingi wa Ptolemy wa Iskandaria. Alizikuta nyota zimepangwa kwa ngano za Kigiriki: Andromeda aliyefungwa minyororo, Cassiopeia aliyeketi kitini. Hakuzifuta. Aliandika kwa Kiarabu "mwanamke aliyefungwa minyororo" na "mwenye kiti", akapima mwangaza wa nyota moja moja, na Waislamu wakatumia elimu hiyo katika safari zao na nyakati za ibada. Hadi leo wanasayansi wa Ulaya huzitaja nyota kwa majina ya Kiarabu: Aldebaran ni *ad-dabaran*, "mfuataji", na Altair ni *at-tair*, "arukaye".

Hata hivyo si haki kuificha hoja ya upande wa pili. Ibn al-Qayyim katika kitabu chake cha hukumu za mtoto mchanga ametaja majina yanayochukiza na yaliyokatazwa, na katika zama zetu Sheikh Bakr Abu Zayd wa Saudi Arabia alishikilia kwa ukali kwamba Waislamu wasichukue majina ya kigeni yanayowatambulisha wasio Waislamu. Hoja yao ina uzito. Jina ni alama. Binti atakayeitwa Asteria shuleni ataandikwa katika orodha ya wanafunzi wa dini nyingine, ataelekezwa katika kipindi cha dini kisicho chake, na kila anapokwenda atahitaji kueleza. Tena, tofauti na Zuhura, ambalo limelelewa katika Uislamu kwa karne nyingi, Asteria kwa mwenye kusoma linamwelekeza kwa huyo binti wa Titani kabla ya kumwelekeza kwa nyota.

Rai yangu, nami ni katibu wa kamati na si mufti, na anayetaka fatwa aende kwa sheikh wa wilaya, ni hii. Asteria si jina la shirki, na aliyelitamka neno hilo mbele ya mwenye jina amekosea katika elimu na katika adabu. Mwanamke mzima mwenye jina hilo akisilimu, abaki nalo akipenda. Vyeti vyake vya shule na kitambulisho chake cha taifa vimeliandika, na kubadilisha vyote ni gharama na usumbufu ambao sheria ya Allah haikumtwika. Akijaaliwa kwenda Hijja, hati ya kusilimu itamtambulisha. Ama mtoto mchanga, ambaye bado hajaandikwa popote, ningewashauri wazazi wachukue maana na kuivisha vazi la kwao.

Na vazi lipo tayari. Najma ni nyota moja. Thurayya ni zile nyota zilizokusanyika pamoja ambazo Waswahili waliziita Kilimia, kwa sababu wakulima walipangia kulima kwa kuzitazama. Asili yake katika Kiarabu ni wingi na neema. Miongoni mwa wafasiri wa kwanza wapo waliosema kwamba nyota aliyoiapia Allah mwanzoni mwa Suratun-Najm ni Thurayya. Na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliweka mkono wake juu ya Salman, Mwajemi mgeni kati ya Waarabu, akaeleza kwamba lau imani ingekuwa mbali huko kwenye Thurayya, wangeifikia watu katika jamaa zake huyu. Kwa mtoto ambaye nusu ya ukoo wake wako nje ya Uislamu, sijui jina lenye bishara nzuri kuliko hilo.

Lakini kumwita Thurayya hakutoshi ikiwa bibi hakuambiwa. Allah ametuamrisha kuwatendea wema wazazi hata wakiwa washirikina, na Bi Asmaa binti wa Abubakar (RA) alipotembelewa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, Mtume (SAW) alimruhusu, bali alimwamrisha, kumuunga. Mama huyu wa Ngara si mgeni wa kufukuzwa na neno. Ndipo kamati ikashauri kwamba baba wa mtoto na yule baba mdogo wasafiri wao wenyewe, si kutuma ujumbe wa simu, wamwombe radhi mama, wamweleze kwamba jina lake maana yake ni nyota, na kwamba mjukuu wake amebeba nyota hiyo hiyo kwa Kiarabu. Na bibi akitaka kumwita mjukuu wake Asteria akiwa amempakata, amwite. Hakuna aya wala hadithi inayomzuia bibi kumpa mjukuu jina la kumdekezea.

Walikwenda. Mama aliwapikia, lakini kuhusu jina aliwajibu kwamba angelifikiria. Hadi ninapoandika bado hajaja Nyakanazi, na mzazi humpigia simu kila baada ya swala ya Ijumaa.

Mwisho, jambo la daftari, kwani nyumba nyingi huponzwa nalo. Jina Thurayya hapa kwetu nimeliona likiandikwa Thurea, Thuraya, Suraya na Sulea. Mtoto mmoja anakuwa Suraya katika kadi ya kliniki, Thurea katika cheti cha kuzaliwa cha RITA na Thuraya katika daftari la madrasa, na akifika kidato cha nne anahangaishwa na viapo vya wakili. Baba aliandike jina kwa herufi kubwa katika kipande cha karatasi kabla ya kwenda kujaza fomu, ampe mwandikaji alinakili herufi kwa herufi, na alisome tena kabla ya kutia saini. Karatasi hiyo hiyo ailete msikitini siku ya akika, ili daftari letu lifuate maandishi yale yale.

Wabillahi tawfiq.